Tarumbeta za Nungu Mdogo

Shule ya Sekondari ya Wasichana,
4 Machi

Mtunzi wa Muziki,
Kampuni ya Katuni ya Nungu Mdogo.

Ndugu,

YAH: MUZIKI USIOLINGANA NA TUKIO KATIKA SEHEMU YA KUMI NA MOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametupa kazi ya kuandika barua rasmi, na amesema lazima itumwe kweli, tena kwa mtu ambaye kweli tuna neno naye. Wenzangu wengi wamemwandikia mkuu wa shule kuhusu maji ya bwenini. Mimi ninayelala nyumbani nakuandikia wewe.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri mimi na mdogo wangu wa miaka sita tulikuwa tunatazama Nungu Mdogo tangu sehemu ya kwanza hadi ilipoisha. Mama yetu ni fundi cherehani, naye alikuwa akitazama kwa jicho moja huku akishona. Katika Sehemu ya 11, kaka yake Nungu anavuka mto kwenda kutafuta kazi, na Nungu anabaki mlangoni. Anasema maneno machache tu: "Nenda. Mimi nitalinda nyumba." Uso wake umechorwa vizuri mno, na miba yake yote imelala. Lakini papo hapo zinaingia tarumbeta na ngoma za kishindo, kana kwamba timu imefunga bao. Mdogo wangu alicheka, akacheza hadi akaangusha kikapu cha nyuzi. Kesho yake nilipokuwa namfunga kamba za viatu, aliniuliza kwa nini Nungu alifurahi kaka yake alipoondoka. Sisi pia tuna kaka aliyekwenda mbali kutafuta kazi, na siku ile nyumbani kwetu hakuna aliyepiga tarumbeta.

Nilichukua daftari nikagawa kila ukurasa mara mbili: upande mmoja ninachokiona, upande wa pili ninachokisikia. Tangu Sehemu ya 1 hadi ya 8, pande hizo mbili zinaelewana. Kuanzia ya 9 zinagombana. Nungu akiwa peke yake, muziki uko harusini.

Kwa hiyo naomba, sehemu hizo zitakaporudiwa, muziki ubadilishwe. Naomba pia unisalimie Chiriku, ambaye mwishoni huandikwa kuwa ndiye sauti ya Nungu. Mwambie huku ana wapenzi wawili na nusu. Nusu ni mama, kwa sababu ya lile jicho moja.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi, Kidato cha Pili B


Chumba cha muziki,
19 Machi

Mpendwa mwanafunzi,

Asante kwa barua yako. Imepangwa vizuri kuliko nyingi zinazotoka ofisi za watu wazima, na kichwa chake cha habari kimebandikwa ukutani na wachoraji wetu, ambao hufurahi sana mtu mwingine anapolaumiwa.

Muziki wa Sehemu ya 9 hadi ya 13 ulichaguliwa kwa sababu za kiufundi. Watoto wengi huzipenda tarumbeta. Mdogo wako, kwa maelezo yako mwenyewe, ni mmoja wao.

Nakutakia masomo mema.

Mtunzi wa muziki


Nyumbani,
27 Machi

Ndugu Mtunzi wa Muziki,

Shikamoo.

Nimepata barua yako na nimeisoma mbele ya darasa. Mwalimu amenipa kumi na saba kwa ishirini. Alama tatu zimekatwa kwa sababu ya wapenzi wawili na nusu, maana barua rasmi haina mzaha. Hii si ya darasani tena, kwa hiyo ukiona mzaha usinikatie.

Umesema ni sababu za kiufundi. Sikuelewa ni sababu gani, na mwalimu wetu hutuambia kwamba usipoelewa jibu, rudi kwenye swali. Mjomba alitunakilia sehemu zote kwenye flashi, basi nikarudi. Nilipunguza sauti ya televisheni mpaka karibu na mwisho, nikaweka sikio langu kwenye spika. Mama akaniuliza kama nimeamua kuolewa na televisheni.

Nimegundua jambo ambalo nadhani hulijui. Chini ya tarumbeta kuna sauti nyingine. Ni mtu anavuta pumzi. Kabla ya "Nenda" anavuta pumzi ndefu, inakwaruza kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kabla ya "Mimi nitalinda nyumba" anavuta tena, na hii inakatika katikati. Nimesikiliza sehemu zote kuanzia ya 9. Karibu kila mstari una pumzi yake, na kila penye pumzi tarumbeta zimeingia. Pumzi ikiisha, zinanyamaza. Nilidhani muziki unamfuata Nungu, kumbe unamfuata Chiriku.

Naona Chiriku alikuwa na mafua siku za kurekodi na ninyi mkaamua kuyaficha. Kama ni hivyo, naomba umfikishie ushauri huu kwa upendo. Apumzike siku mbili kabla ya kazi. Ajifukize maji ya moto. Na asome maneno yake mapema ili ajue mahali pa kupumua. Sisi tumefundishwa kuvuta pumzi penye mkato, siyo katikati ya neno. Akifuata hayo, hutahitaji tarumbeta.

Natumaini hutachukia. Nataka siku moja nifanye kazi ya kusikiliza, kama ipo kazi ya namna hiyo.

Mwanafunzi wa kidato cha pili


Nyumbani,
2 Mei

Ndugu Mtunzi,

Shikamoo.

Hujajibu. Labda barua imepotea, au labda nimekukosea adabu. Mama anasema ni hilo la pili. Nilipomsomea ile nakala niliyobaki nayo, aliinua mguu kwenye cherehani, akasema kuwa kumfundisha mtu kazi yake kupitia kwa mtoto anayefanya kazi chini yake ni kumfundisha mara mbili. Kwa hiyo naomba radhi mara mbili.

Wametangaza kwamba Nungu Mdogo atarudiwa wakati wa likizo kuanzia tarehe 15 Juni, sehemu moja kila siku. Mdogo wangu amehesabu kwa vidole mpaka akaomba kuazima vyangu. Siku hizi anaigiza Nungu akiwa mlangoni. Anasema "Nenda," halafu anapiga tarumbeta kwa mdomo. Nimemkataza, lakini hanisikii, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye televisheni na televisheni ni kubwa kuliko mimi.

Kama wewe una kazi nyingi, naomba Chiriku mwenyewe aniandikie. Sijui ana umri gani. Kwa sauti, nadhani hajafika kumi na miwili. Mwambie sitamkosoa tena. Ningependa tu kujua, aliposema "Mimi nitalinda nyumba," alikuwa anamfikiria nani. Hakuna anayesema hivyo bila kumfikiria mtu.

Mwanafunzi wa kidato cha pili


Chumba cha muziki,
16 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua ya Machi pia, ambayo haikupotea. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nimeitembeza siku nyingi.

Hukunikosea adabu. Ulisikia, na mimi nilidhani hakuna mwingine atakayesikia.

Chiriku ni binti yangu. Alipewa jina hilo nyumbani kwa sababu alianza kuzungumza mapema na hakuona sababu ya kuacha. Alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi, akiwa na miaka kumi na moja. Yalikuwa mapafu. Wakati huo rangi za Sehemu ya 9 zilikuwa hazijakauka, kama tunavyosema hapa, ingawa siku hizi rangi ziko kwenye kompyuta na hazikauki kabisa.

Nikueleze kazi yetu ilivyo, ndipo utaelewa. Katika katuni, sauti hutangulia. Mtoto anarekodi maneno yote kwanza, halafu wachoraji wanachora mdomo na uso kwa kufuata sauti hiyo. Mimi na muziki wangu tunakuja mwisho kabisa. Kwa hiyo, alipokufa, Nungu alikuwa bado ana miezi mingi ya kuchorwa. Kila wiki wachoraji waliniletea picha mpya, na yeye alikuwa akisema ndani yake.

Alipoanza kurekodi alikuwa mzima. Kuanzia Sehemu ya 9 pumzi ilianza kusikika. Fundi sauti alijaribu kuzikata pumzi hizo, lakini alipozikata maneno nayo yalikatika. Vilikuwa vimeshikana. Siku moja tulikaa chumba cha mitambo, mimi, fundi sauti na mwongozaji, na Chiriku alikuwa ng'ambo ya kioo, amevaa visikizio vyake, anakunywa maji. Mwongozaji ni mtu mwema. Alisema kwa upole kwamba tumtafute mtoto mwingine, arekodi upya tangu ya tisa. Mimi sikumpinga. Nilikuwa naona ana haki.

Kuna kitufe tunachobonyeza kuzungumza na aliye ndani. Usipokiachia kikarudi juu, kila unachosema kinaingia masikioni mwake. Siku ile kilikuwa hakijarudi. Mimi ndiye niliyekibonyeza mara ya mwisho, kumwambia apumzike.

Aliweka glasi chini, akasogelea kipaza sauti. Akasema, "Nimewasikia. Msinitoe. Baba, wewe funika tu. Weka tarumbeta."

Nikamwahidi. Nilimwahidi mbele ya wote, na mwongozaji akakubali. Ndiyo "sababu za kiufundi" nilizokuandikia.

Wewe umeweka sikio kwenye spika mara chache. Mimi nimeweka miezi mitano. Ili kuifunika pumzi lazima kwanza uisikie, ujue inaanza wapi na inaishia wapi. Kwenye skrini yangu sauti inaonekana kama vilima. Maneno yake ni vilima, na kabla ya kila kilima kuna kichaka kidogo. Nimekijua kila kichaka. Niliogopa hata kuagiza chai, maana nikitoa visikizio chumba kinakuwa kimya na bado namsikia. Nyumbani nikifungua bomba, kabla ya maji hutangulia hewa. Nasimama hapo na sufuria mkononi. Mke wangu amejifunza kuja kulifunga bila kuniuliza kitu.

Na kazi yenyewe niliifanya vibaya. Najua. Sikuwa natazama picha hata kidogo, nilikuwa nafukia vichaka. Nilipopata barua yako ya kwanza ndipo nikatazama Sehemu ya 11 kama mtazamaji. Nungu yuko mlangoni, miba imelala, na baba mtu anampigia tarumbeta.

Sasa sikiliza. Kwa ajili ya marudio nimeruhusiwa kutengeneza upya muziki wa sehemu hizo tano. Mwisho ni tarehe 10 Juni. Baada ya hapo kanda zinafungwa, na zilivyo ndivyo zitakavyobaki. Nikizitoa tarumbeta, nimevunja ahadi niliyompa mtoto wangu. Nikiziacha, kazi yake ya mwisho itachekwa na kila mtoto, kama alivyocheka mdogo wako, miaka nenda miaka rudi. Nimekaa mbele ya mashine siku kumi na sijagusa kitu.

Wewe ndiye pekee unayeijua pumzi ile bila kumjua yeye. Uliposikia, ulihisi nini? Nijibu ukweli. Adabu tumeshamaliza.

Baba yake Chiriku


Nyumbani,
24 Mei

Baba,

Shikamoo. Pole. Nimeandika neno hilo mara nne kwenye karatasi nyingine na kila mara lilikuwa dogo.

Nilikuambia ajifukize. Nilikuambia avute pumzi penye mkato. Siwezi kuyafuta kwa sababu barua iko kwako, lakini kama una kalamu naomba uyakate. Nilipomsomea mama barua yako alisimamisha cherehani, akakaa. Halafu akasema, "Mjibu leo. Na safari hii usipange aya."

Umeuliza nilihisi nini. Ukweli ni kwamba niliogopa kidogo. Ilikuwa kama kuna mtu yuko ndani ya televisheni, nyuma ya Nungu, karibu na sikio langu kuliko yeye. Nikajiambia ni mafua ili niache kuogopa. Tangu Alhamisi ilipofika barua yako nasikia pumzi hiyo kwenye pasi ya mama ikitoa mvuke, na darasani mwenzangu wa nyuma akikaribia kujibu swali. Sikuambii hivi ili unihurumie, ila uliomba ukweli.

Sikutaka jibu liwe la mtu mmoja anayejua habari yote. Kwa hiyo jana nilimwita mdogo wangu bila kumwambia kitu. Niliweka Sehemu ya 11, nikapunguza sauti, nikamwambia aweke sikio asikilize chini ya tarumbeta, kama mchezo. Alisikiliza mara mbili. Nilimuuliza Nungu anafanya nini. Akasema, "Anajikaza asilie. Anataka kaka yake asijue."

Hakusema anaumwa. Hakucheka. Akaniuliza kama siku kaka yetu alipoondoka mimi nilivuta pumzi hivyo. Nikamwambia ndiyo, na mama akasema kutoka kwenye cherehani kwamba hata yeye.

Nimefikiria ile ahadi. Naomba uniwie radhi nikikosea, maana sina mtoto na mimi ni mwanafunzi tu. Chiriku alisema "Msinitoe" kwanza. Tarumbeta alizitaja baadaye. Alichoomba ni abaki. Tarumbeta zilikuwa za kumlinda asitolewe na mwongozaji, na zimemlinda, sehemu zote tano ni zake. Sasa hakuna anayeweza kumtoa tena. Nadhani hapo ahadi uliitimiza yote, na kilichobaki ni kazi ya muziki.

Lakini uamuzi ni wako. Ukiziacha sitaandika barua nyingine rasmi.

Mwanao wa barua


Chumba cha muziki,
11 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilifika siku saba kabla ya mwisho. Jana saa tisa alasiri kanda zilifungwa.

Mwongozaji alikuja akakaa kiti cha nyuma. Aliangalia kitufe mara mbili kuhakikisha kimerudi juu. Fundi sauti alinyamazisha tarumbeta za Sehemu ya 11 na tukamsikia, mara ya kwanza kwenye spika kubwa, siyo masikioni mwangu peke yangu. Nilijaribu kinanda chini yake. Nikajaribu zeze, noti moja tu. Kila nilichoweka kilikuwa kama mgeni anayeongea mtu mwingine akiwa hajamaliza. Mwisho nikaondoa mikono. Pale mlangoni hakuna muziki kabisa, sekunde ishirini na mbili. Fundi sauti alisema watu watadhani televisheni zao zimeharibika. Mwongozaji akamwambia waache wadhani.

Sehemu ya 9, ya 10 na ya 12 zina kinanda kidogo, kinachosubiri amalize ndipo kiingie. Nimekata lile shauri la mafua kwa kalamu kama ulivyoomba, lakini karatasi nimeiweka.

Nikuambie jambo moja zaidi, kwa sababu sikio lako litaligundua na sitaki uniandikie kuuliza. Katika Sehemu ya 13, kabla ya mstari wa mwisho, kuna pumzi moja nimeiacha imefunikwa. Tarumbeta ziko palepale, hazilingani na chochote, na wachoraji wamelalamika. Nilijaribu kuzitoa mara tatu. Hiyo sikuweza.

Baba yake Chiriku


Nyumbani,
28 Juni

Baba,

Shikamoo, na mama anakusalimu.

Sehemu ya 11 tuliitazama siku tatu zilizopita. Watoto wa jirani walikuja, jumla tulikuwa saba, na mama akaacha cherehani akakaa nasi, macho yote mawili. Kaka alipovuka mto na sauti ikanyamaza, mtoto mmoja wa jirani aliinuka kwenda kupiga televisheni upande, kama wanavyofanya kwao. Mdogo wangu alimshika shati. Akamwambia haijaharibika, ngoja, anataka kusema. Tukangoja. Nungu akavuta ile pumzi ndefu na chumba chote tukaivuta naye, sijui kwa nini. Hakuna aliyecheka. Baadaye watoto hawakutaka kwenda kucheza mara moja. Walikaa tu, mmoja akauliza kama yule kaka atarudi, mama akasema hajui, lakini nyumba inalindwa.

Mimi nilidhani nitaogopa tena, na mwanzoni niliogopa. Bado namsikia kwenye pasi. Lakini sasa nikimsikia najua ni nani, na nasimama kidogo mpaka amalize.

Mdogo wangu aliuliza Chiriku atarekodi lini nyingine. Nilimwambia hatarekodi tena, alikufa akiwa mtoto, na kazi yake aliimaliza yote. Akasema, basi alifanya haraka.

Sehemu ya 13 ilikuwa jana. Kabla ya mstari wa mwisho tarumbeta ziliingia, kubwa, za furaha, zisizo na sababu. Mdogo wangu aligeuka akanitazama, akasogea kunipa nafasi pale chini karibu na spika. Anajua tabia yangu.

Sikuinuka.

Mwanao wa barua